Maji ya Kisima kwa Mrehani Wako

Bi Sauda,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitakuja, lakini siwezi kuanza bila shikamoo, ungeninunia siku nzima.

Ni mimi Mwero, wa mkokoteni wa maji. Naandika polepole. Shule niliacha darasa la nne kule Kinango, na mkono wangu umezoea mitungi, haujazoea kalamu. Daftari hili nililinunua Tononoka zamani, likakaa chini ya godoro mpaka likajikunja pembe. Kila nikilifungua nilikuwa naandika Bi Sauda, halafu nalifunga. Leo nimekaa shambani kwako, ndani ya gofu, juu ya lile jiwe lako la kupumzikia, ni saa nne asubuhi, na mlango nimeufunga kwa ndani. Dirisha lako liko juu ya kichwa changu. Sijalitazama. Tangu ufe sijalitazama hata mara moja.

Kuna neno nimekuja kukwambia. Nadhani unalijua. Lakini sikulisema kwa mdomo wangu, na wewe uliondoka ukilingoja.

Kwanza nikupe hali ya hapa. Gofu bado ni gofu. Kuta tatu za ile nyumba iliyoanguka zimesimama vile vile, na wa nne ni ukuta wa nyumba yako. Paka ni wale wale, pamoja na watoto wao na wajukuu. Ami Badi bado anauza kahawa pale barazani pembeni, dele lake limebonyea zaidi, na kila jioni ananiwekea machicha ya kahawa kwenye kopo. "Chukua, wape majani yako," ananambia, "bustani hii yanywa kahawa kuliko baraza nzima, ndiyo maana haisinzii." Maneno yale yale aliyokuwa akikutania wewe. Anayasema halafu anajifanya anapuliza makaa.

Unakumbuka siku ya kwanza? Nilikuwa nimekuletea mitungi minne, nikaiweka chini ya ngazi, na badala ya kwenda zangu nikasimama mlangoni pa gofu. Ulikuwa umechutama, umejifunga leso kiunoni, unafukia matumbo ya samaki kwenye shimo. Paka wamekuzunguka. Sikuwa nimeona mtu wa mjini akifukia taka kama anaweka kitu cha thamani. Ukageuka.

"Paka wanane na Mduruma mmoja," ulisema, "nyote mwanitolea mato. Hawa najua wataka nini. Weye je?"

Nilikuwa siwezi kujibu watu. Ukacheka mpaka ukashika mbavu, ukanipa jembe.

Siku hiyo ndiyo ulinambia udongo huu hukuukuta, uliupika. Mwanzo palikuwa na mawe na chokaa na vigae, hata majani ya porini yalikuwa yanakataa. Ukatoa mawe kwa mikono, moja moja, miaka na miaka. Shimo lile uliliita jungu. Jungu linataka vya kijani na vikavu, ulisema, linataka kufunikwa, halafu linataka kuachwa. Basi nikawa nakuletea. Machicha ya nazi kutoka majikoni kwa watu, maganda, magamba ya samaki, majani ya kabichi niliyokuokotea Mwembe Tayari wachuuzi wakinicheka, nyasi zilizokatwa uwanjani Tononoka. Hata magazeti ya kufungia mahamri ulikuwa wayachana vipande vidogo vidogo unayatia. Jivu ulikataa. Nilikuletea karai zima, nikijiona nimefanya jambo, maana mamangu nyumbani hutia jivu na mahindi yanakubali. Ukanitazama, ukatazama karai.

"Hapa chokaa yatutosha mpaka kiyama, mwanangu. Jivu na chokaa ni ndugu. Mpelekee mamako, nti ya kwenu ndiyo yalitaka."

Nti. Ndivyo ulivyokuwa ukiuita udongo. Kwetu ni mwekundu, hapa ni mweupe, na mimi sikuwahi kufikiri kwamba udongo una tabia zake kama watu, mwengine limfae jivu na mwengine limdhuru.

Tuta hukuliacha uchi hata siku moja. Jua lilikuwa likipiga, wewe unatandaza majani makavu na makuti chakavu. "Nti ni kama weye, Mwero, yaona haya. Ivishe nguo." Tuta likishatoa mchicha ulilipumzisha kwa kunde, na kunde zenyewe nyengine ulizilaza humo humo kabla hazijazaa, mimi roho ikiniuma. Ukifukua unanionyesha nyungunyungu wanavyojinyonga kwenye kiganja chako. Mafundi, ulikuwa wawaita. "Mafundi wako kazini, sisi ni vibarua wao."

Lakini mrehani ndio uliokuwa wako. Tuta refu chini ya dirisha. Mchicha ulikula na kugawa, mnavu vivyo hivyo. Mrehani ulikuwa wa kaburini. Akifiwa mtu hapa Kibokoni, kabla jeneza halijatoka, alikuja mtu na sinia, na wewe ulikata kwa mkono wako, wakaweke juu ya kaburi. Awe mwenye nyumba ya ghorofa, awe hamali kama mimi, awe mtoto wa siku moja. Kisu hukumpa mtu. Mimi ulinipa mara moja tu, mwaka wa mwisho. "Ukate juu, usiung'oe. Utachipuka pande mbili. Sinia nyengine itakuja." Nilikata huku nimezuia pumzi.

Sasa nifike pale. Utaona herufi zimepinda, uniwie radhi.

Kaskazi ile uliyougua, jua lilikaa juu kama limepigiliwa misumari. Ulikuwa huwezi tena kushuka ngazi. Da Nuru, mwanao, alihamia kwako na watoto wake, akakusogezea kitanda dirishani ili uone shamba. Kutoka pale ulikuwa waona kichwa changu na mabega na mtungi. Ulikuwa na kile kijiko, wagonga ubao wa dirisha.

"Mwero, ushatia maji?"

"Nishatia, Bi Sauda."

"Na mrehani?"

"Na mrehani."

Halafu mifereji ya bomba ikakauka. Siku moja, mbili, tatu. Tononoka foleni ya mitungi ilikuwa haina kichwa wala mkia, watu wanavutana mashati. Nilichopata kilikuwa cha kunywa. Mtungi wenu wa kunywa na kupikia sikuukosesha, hilo Mungu anajua. Wa shamba haukuwepo. Mchicha ukalala. Mrehani ukaanza kukunja majani, na wewe uko pale juu na kijiko chako.

Kisima chenu ni hatua kumi kutoka mlango wa gofu. Kila mtu wa mtaa huu anajua maji ya kisima ni ya kuogea na kufulia na kuosha miguu. Yana chumvi, bahari iko hapo tu. Na wewe ulinambia siku ile ya kwanza, hata jina langu hujaliuliza: "Shamba hili lanywa maji matamu. Ya kisima, hata tone."

Nilijua, Bi Sauda. Sitaki kusema sikujua.

Siku ya nne ukagonga. Nikainua kichwa nikaona mkono wako umekonda mpaka pete inazunguka kidoleni yenyewe. "Mwero, ushatia maji?" Ningekuwa mtu wa maneno ningesema, Bi Sauda, maji matamu hakuna, tuyaache majani yafe, udongo tubaki nao. Ungekubali. Ulinifundisha mwenyewe kwamba majani hurudi, udongo ukiharibika ndio msiba. Lakini maneno hunikwama kooni, na nilitaka unione nikimwaga. Nilitaka uone maji yanashuka ili moyo wako utulie. Nikateka kisimani. Nikamwaga mtungi mmoja, miwili, mitano. Ukasema, "Mungu akupe, mwanangu." Nami nikaitikia amin.

Siku ya tano tena. Ya sita tena. Na nikwambie lililo baya zaidi: hata maji ya mfereji yaliporudi, yakija kidogo kidogo, niliendelea kuteka kisimani siku kadhaa. Foleni ilikuwa imenichosha na kisima kilikuwa karibu.

Weupe ukatokea juu ya matuta, kama unga uliomwagika. Pembe za majani zikaungua. Nikachukua majani makavu nikatandaza juu, mengi. Kuivisha nti nguo, wewe ulinifundisha kwa kuilinda. Mimi nilifichia chumvi.

Uliniuliza kama nimetia maji. Hukuniuliza maji gani. Hilo ndilo ninalolisikia sasa. Siyo ndotoni. Mchana kweupe, watu wanapita na vikapu, nimeinamisha mtungi, nasikia kijiko, tin tin tin, halafu sauti yako inauliza lile ambalo hukuuliza. Maji gani, Mwero?

Ile siku ya mchicha. Ulikuwa umekataa chakula tangu jana yake, ukamwambia Da Nuru labda ungeweza kula mchicha wa nti yako mwenyewe. Nikakata ule uliobaki, wa kati, usioungua sana. Akaupika kwa tui. Mimi nilikuwa nimepandisha maji, nimesimama mlangoni pa chumba, mtungi begani, nasubiri kuambiwa niuweke wapi. Ukatia tonge mdomoni. Ukatafuna polepole.

"Nuru, chumvi umezidisha."

"Mama, nadhani hata sijatia."

"Onja."

Akaonja. Akashika kichwa. "Kumbe nimetia. Tena nimetia mara mbili. Wallahi, Mama, akili yangu siku hizi sijui iko wapi. Lete nikupikie chengine."

Ulinitazama mimi. Mtungi ulikuwa unanivunja bega na sikuutua. Uliniangalia kwa muda ambao ningeweza kusema, na nadhani uliupima muda huo kwa kusudi, kama ulivyokuwa ukipima maji kwa kila mche. Mimi nikatazama sakafu. Nikahesabu mabanzi ya mlango. Halafu ukasema, "Haya."

Ukala sahani yote. Hukubakisha hata jani.

Kijiko hukukigonga tena. Siku tatu baadaye, asubuhi, Ami Badi alikuja na sinia mkononi. Nilikuwa nafungua mlango wa gofu. Akanambia, "Fungua, kijana. Leo ni wa mwenyewe."

Sikuwa nimejua kama umekufa. Nilijua kwa sinia.

Nikafungua. Aliingia mpaka kwenye tuta refu akasimama. Mrehani wote umekuwa mweusi, vijiti vitupu, na chini yake majani makavu niliyotandaza yameshika unga mweupe. Ami Badi akaweka sinia chini. Akafuta macho kwa kofia. "Hata mimea imefiwa," alisema. "Subhanallah. Bustani imekufa na mwenyewe."

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua.

Akapanda tuktuk akaenda sokoni, akarudi na vifungu viwili vya mrehani vimefungwa kwa mpira, vimelala. Wewe uliyewapa mrehani wafu wote wa mtaa huu, ulilazwa na mrehani wa kununua. Nilifuata jeneza nyuma kabisa. Nilipofika nilitupia mchanga wangu konzi tatu kama wenzangu, na mchanga ulikuwa mkavu, nikajikuta nauonja kwa ncha ya ulimi. Mtu mmoja akanitazama vibaya.

Siku ya khitma Da Nuru aliniita kando, akafungua pembe ya leso yake akatoa ufunguo wa gofu.

"Huu wako. Mama alinambia nikupe. Siku ile ile ya mchicha, weye ulipotoka tu."

Nikaupokea. Akasema, "Alinipa na maneno. Mwambie Mwero aanze tena. Nikamuuliza, aanze tena nini? Akafumba mato. Mwero, aanze tena nini?"

Nikasema, "Sijui, Da Nuru."

Basi ulijua. Ulijua na ukanipa ufunguo. Nimekaa na hilo masika mawili sasa, na sikwambii uongo, lingekuwa tusi ningelibeba vizuri zaidi.

Nikaanza tena. Nikwambie nilivyofanya, maana hii ndiyo sehemu ninayoweza kuisema bila kukwama. Nilikwangua weupe wote kwa kifuu, tuta kwa tuta, nikaujaza magunia nikayapakia mkokoteni nikaenda kuumwaga baharini ulikotoka. Chini yake udongo ulikuwa umekaza kama sakafu. Nilifukua mpaka kiwiko, sikuona fundi hata mmoja. Hapo ndipo nililia, si makaburini.

Nikakumbuka ulivyosema chumvi haifi, husogezwa tu. Nikasubiri masika. Nikapanda paa lako kwa ruhusa ya Da Nuru nikatengeneza mlizamu, unaleta mvua ya bati lote shambani. Nilichimba vifereji kati ya matuta na kuyainua yawe juu, maji yapite yashuke na chumvi yake, yasituame. Mvua ya kwanza ilipokuja nilisimama humu ndani mpaka ikaisha. Jirani wa dirisha la pili aliniita, "We Mwero, wapanda ama wapandwa?" Nilikuwa natazama maji yanavyoingia ardhini, polepole, yakitoa mapovu, kama mtu anayejifunza tena kunywa.

Halafu jungu. Nilipika majungu mawili badala ya moja, moja linaiva jengine linajazwa. Kila mtungi mtupu ninaorudi nao una kitu juu yake, gunia la majani, machicha ya nazi. Kunde za kwanza zilitoka zikawa njano pembeni zikafa. Nikazilaza humo humo. Za pili zikafika magoti, nikazilaza nazo, safari hii roho haikuniuma. Kilichonishangaza ni mtsunga. Lile jani chungu la kwetu ulilokuwa ukisema lafaa kuwatibu maadui. Mamangu alinipa mbegu kwenye kitambaa, akasema huu hauchagui mahali. Kweli haukuchagua. Ulishika tuta la pembeni wakati kila kitu kilikuwa kinakataa, mizizi ikapasua ile sakafu. Sasa Da Nuru anaula. Anakunja uso, lakini anaula.

Siku niliyoona nyungunyungu, mmoja, mwembamba kama uzi, nilimfunika haraka nikakaa chini. Nikataka kumwambia mtu. Nikamwambia paka.

Sasa wako wengi. Udongo ukiushika unashikamana, ukiuachia unavunjika, na unanuka kama ulivyokuwa ukinuka. Matuta matatu yanatoa mchicha zaidi kuliko yale sita ya zamani, kwa sababu sasa hayalali njaa. Mama wawili wa ghorofani wamechukua udongo kwenye ndoo mbovu wamepanda mabarazani kwao, wananiuliza mambo, nami nawajibu, wallahi nawajibu, Bi Sauda, maneno mawili matatu. Maji ya kutia ni ya mvua kwenye pipa, yakiisha ni ya mfereji. Na kila mtungi, kabla sijaumwaga, natia kiganja naonja. Kila mmoja. Watu wananicheka, wanasema Mwero na mimea yake wanakunywa pamoja. Waache wacheke. Naonja kwa sababu ya lile swali.

Na mrehani umerudi. Tuta refu lote, chini ya dirisha.

Wiki iliyopita sinia imekuja. Mama wa fundi viatu alifariki, mjukuu wake akagonga mlango akasema, "Nimetumwa mrehani wa Bi Sauda." Hakusema wa Mwero. Nilifurahi hakusema. Nikakata juu, sikung'oa, nikajaza sinia mpaka harufu ikafika barazani. Ami Badi akaja akasimama mlangoni, akamwambia yule kijana, "Hii ndiyo ile bustani iliyokufa na mwenyewe. Sasa yamfufukia." Wakaondoka na hadithi hiyo. Hadithi hiyo iko Kibokoni nzima sasa, wanasimuliana kwenye kahawa, wageni wanaletwa mlangoni kuonyeshwa. Nzuri sana. Na ni ya uongo, na kila ikisimuliwa mimi niko pale nimeshika mtungi nikitazama chini, vile vile.

Nilikata wa kwako pia, nikaja makaburini. Nilikuwekea. Sikukaa. Ulikuwa ukinitazama.

Hilo la hadithi ningeweza kuishi nalo, nadhani. Lipo jengine. Da Nuru hatii chumvi tena chunguni. Tangu ulipoondoka. Sikujua mpaka jana, aliponiita kula kwa sababu nilimpelekea mchicha wa tuta la kwanza. Watoto wake wakasogeza kikopo cha chumvi, kila mtu akajitilia sahanini. Nikatazama. Mdogo akasema, "Mama haonji. Mama aogopa." Da Nuru akacheka kidogo, kicheko kisicho na kitu, akanambia, "Mwero, chakula cha mwisho alichokula mamangu mkononi mwangu nilikiharibu. Nilitia chumvi mara mbili, na hata leo sikumbuki mkono wangu ukienda chumvini. Nashangaa alivyokila chote. Alinionea huruma."

Hukumwonea huruma yeye, ulinionea mimi. Ulikula chumvi yangu mbele yake ili nisiumbuke, na yeye ndiye anayeilipa. Hilo nadhani hukulijua. Au ulilijua, na ndilo ulilosema nianze tena.

Sikumaliza sahani. Nikasema nina mitungi ya watu.

Bi Sauda, kesho ni Ijumaa. Nimeamua hivi. Watu wakishatoka msikitini, kabla Da Nuru hajapakua, nitapanda ngazi. Mtungi sitabeba, nisije nikajificha nyuma yake. Nitabeba mchicha kifungu kimoja, na kopo la maji ya kisima. Nitamwambia aonje maji. Halafu nitamwambia, Da Nuru, mkono wako haukukosea, hukutia chumvi hata mara moja, ilitoka kwangu, ilipita kwenye udongo ikapanda kwenye jani. Nikikwama nitaanza tena. Nikikwama tena nitamwonyesha ukurasa huu, ule wa kisima, asome mwenyewe. Kisha nitashuka kwa Ami Badi, nimwambie pia, mbele ya baraza.

Huenda Da Nuru akautaka ufunguo. Ni haki yake. Nimeshaufunga kwenye kitambaa. Shamba halitakufa, majungu yote mawili yameiva na wale mama wa ghorofani wanajua kazi. Mimi ndiye sijui nitapeleka wapi mikono yangu. Lakini nataka nimwone Da Nuru akichota chumvi kwa vidole vyake na kuitia chunguni bila kufikiri. Hilo tu.

Karatasi ulisema nayo huoza, ikichanwa ndogo na kulazwa kati ya vya kijani. Nikishamwambia, barua hii nitaichana niitie junguni, iwe udongo kama kitu chengine chochote ulichogusa. Nisipomwambia itabaki mfukoni mwangu, nawe uendelee kuniuliza maji gani, ndivyo ilivyo haki.

Kwaheri, Bi Sauda. Nakuahidi mrehani. Nikiwa na ufunguo au nisiwe nao, kila utakapokauka juu yako nitaleta mwengine, wa nti yako, na sitakimbia tena nikishauweka.

Sasa nasimama. Jua linakaribia ukuta na tuta refu halijanywa. Ni maji ya mvua, nimeyaonja, ni matamu. Nitayamwaga polepole uyaone. Na nikimaliza nitainua kichwa.

Wako,
Mwero